Lancia Stratos Zero: gari la sentimita 84 ambalo halikuundwa ili liuzwe

Mjini Turin, kaskazini mwa Italia, kuna kisa kinachosimuliwa kila yanapotajwa magari ya Bertone. Miezi michache baada ya maonyesho ya magari ya mwaka 1970, Nuccio Bertone, mwenye karakana maarufu ya kuunda bodi za magari, aliitwa na wakuu wa kampuni ya Lancia kwa mazungumzo. Alikwenda akiendesha gari la rangi ya shaba, lenye umbo la kabari, ambalo kimo chake kutoka ardhini hadi paani kilikuwa sentimita 84 tu. Alipofika kwenye geti la Lancia hakungoja askari ainue kizuizi. Alipita chini yake akaingia uani, na wafanyakazi wa idara ya mashindano waliokuwa wakitazama wakashangilia. Ili msomaji apate picha ya kimo hicho, meza ya kawaida ya kulia chakula ina kimo cha sentimita 75 hivi. Gari zima, pamoja na watu wawili ndani yake, lilizidi meza kwa upana wa kiganja.

Gari hilo ndilo linaloitwa leo Lancia Stratos Zero. Liliundwa moja tu, halikuwahi kuingia kiwandani, na kwa sababu hiyo huwekwa mara kwa mara katika orodha za magari ya michezo ya Kiitaliano yaliyoshindwa kufika sokoni. Naona maelezo hayo yanampoteza msomaji. Hushindwa aliyejaribu, na hakuna mtu aliyejaribu kulipeleka gari hili sokoni. Ukitaka kujua liliundwa kwa ajili ya nini, ni lazima ufungue mafundo kadhaa yaliyoshikana: jinsi karakana za bodi za Italia zilivyopata riziki, hali ya Lancia baada ya kununuliwa na Fiat, na kanuni za mashindano ya rali za wakati ule. Fundo jepesi kuliko yote ni jina, basi tuanze nalo.

Jina la Stratos limebebwa na magari matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni hili lililooneshwa Turin mwishoni mwa Oktoba 1970. Wakati huo liliandikwa Stratos HF, herufi mbili za mwisho zikiwa alama ambayo Lancia iliyapa magari yake ya mashindano, na ndani ya karakana ya Bertone wenyewe walilitania kwa jina la Stratolimite, yaani mpaka wa stratosfia, kana kwamba gari lilikuwa karibu kuondoka duniani. Neno Zero lilizoeleka baadaye, kwa kuwa ilibidi litofautishwe na yale yaliyolifuata. La pili ni gari la mfano lililooneshwa Turin mwaka 1971, fupi, pana na lenye rangi nyekundu inayong'aa. La tatu ni Stratos HF ya kiwandani, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1973, ambayo idadi yake ilikuwa chini kidogo ya magari 500. Gari la pili na la tatu ni mtu na mdogo wake. La kwanza halina hata kipande kimoja cha bati kinachoweza kuhamishiwa kwenye hayo mawili, na bado bila hilo la kwanza, haya mawili huenda yasingekuwapo. Uhusiano huo wa ajabu ndio unaohitaji kufafanuliwa.

Karakana za bodi, ambazo Waitaliano huziita carrozzeria, zilianza katika enzi ya magari ya farasi. Giovanni Bertone, babake Nuccio, alifungua yake mjini Turin mwaka 1912. Utaratibu wa zamani ulikuwa rahisi: mtengenezaji wa magari aliuza fremu yenye injini, gia na magurudumu, na mteja mwenye fedha aliipeleka kwa fundi wa bodi aliyemshonea gari kama vile fundi cherehani anavyomshonea mtu suti. Utaratibu huo ulikufa polepole pale watengenezaji walipoacha kutumia fremu ya peke yake na kuanza kuunda magari ambayo bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba Lancia yenyewe ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa njia hiyo, kupitia gari lake la Lambda la mwaka 1922. Fremu ilipotoweka, fundi wa bodi hakuwa tena na kitu cha kuvalisha.

Karakana zilizosalimika zilipata njia mbili za kuishi. Ya kwanza ni kuuza michoro: kumbunia mtengenezaji mkubwa umbo la gari kisha kulipwa. Ya pili, ambayo ndiyo iliyolipa mishahara hasa, ni kupata kandarasi ya kutengeneza bodi za magari ambayo mtengenezaji mkubwa aliyaona ni machache mno kwa mitambo yake. Kwa ajili ya hiyo Bertone alikuwa na kiwanda Grugliasco, pembezoni mwa Turin, ambako miaka hiyo zilikuwa zikitoka bodi za Fiat 850 Spider, gari dogo la wazi lililouzwa sana, hata Marekani. Lakini kandarasi ina mwisho wake. Gari likizeeka na mtengenezaji akaacha kuliagiza, mwenye karakana hubaki na kiwanda kilichojaa watu na mashine zisizo na kazi. Kwa hiyo ilimlazimu kila mwaka kwenda kwenye maonyesho, Geneva mwezi Machi, Paris au Turin wakati wa vuli, akiwa na kitu cha kuwasimamisha wakurugenzi wa kampuni kubwa walipokuwa wakipita. Gari la maonyesho la karakana ya Kiitaliano lilikuwa barua ya kuomba kazi, iliyoandikwa kwa bati badala ya karatasi. Nikilitazama Zero kwa jicho hilo, mambo yake mengi yanayoonekana kama wazimu yanakuwa na maana.

Barua huandikiwa mtu, na aliyeandikiwa hii alikuwa Lancia. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa na Vincenzo Lancia mwaka 1906, ilijulikana kwa uhandisi wa hali ya juu usiojali sana gharama, na mwaka 1969 madeni yaliilemea hata ikachukuliwa na Fiat kwa bei ya lira moja kwa kila hisa. Ilikuwa imebaki na jambo moja la kujivunia, nalo ni timu yake ya rali iliyoongozwa na Cesare Fiorio. Timu hiyo ilishindana kwa gari la Fulvia, gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, ambalo kwenye theluji na barabara nyembamba za milimani lilifanya maajabu, lakini lilikuwa limeanza kuzeeka. Wapinzani wake, Porsche 911 na Alpine ya Ufaransa, walibeba injini nyuma na nguvu zao zilikuwa zikizidi kuongezeka. Kila aliyekuwa karibu na mchezo huo alijua kwamba Fiorio angehitaji gari jipya.

Tatizo la Bertone lilikuwa kwamba hakuwa na mlango wa kuingilia kwa Lancia. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilipotaka umbo zuri ilikwenda kwa Pininfarina, karakana jirani na mshindani mkubwa wa Bertone. Hakuna aliyemwagiza Bertone lolote. Alichofanya ni kutafuta Fulvia iliyokwisha kutumika, bila kuishirikisha Lancia, kisha akamkabidhi mbunifu wake mkuu injini na mitambo yake.

Mbunifu huyo alikuwa Marcello Gandini, mzaliwa wa Turin wa mwaka 1938, mwana wa kiongozi wa okestra, aliyeingia kwa Bertone mwaka 1965 kuchukua nafasi ya Giorgetto Giugiaro. Kufikia mwaka 1970 alikuwa ameshabuni Lamborghini Miura, gari ambalo wengi hulihesabu kuwa zuri kuliko yote ya karne yake. Hata hivyo Miura ilikuwa na kasoro: ikishika kasi kubwa, pua yake ilikuwa nyepesi, kwa sababu upepo uliopita chini na juu yake uliiinua. Gandini alijibu kasoro hiyo mwaka 1968 kwa gari la maonyesho liitwalo Carabo, lililokuwa na pua iliyochongoka kama kabari, iliyoshuka hadi karibu na lami ili upepo uibane chini. Kimo chake kilikuwa sentimita 99. Machi 1970, Pininfarina akajibu pale Geneva kwa Ferrari Modulo, gari mfano wa kisahani kirukacho, lenye kimo cha sentimita 93 na nusu. Miezi saba baadaye Bertone akaja Turin na 84. Sidhani kama kuna sababu yoyote ya kiuhandisi iliyodai sentimita hizo tisa na nusu zipunguzwe. Ulikuwa ushindani wa majirani wawili, kila mmoja akitaka mwenzake aonekane mrefu.

Kimo kama hicho hakipatikani kwa kufinya paa tu. Kitu kirefu kuliko vyote ndani ya gari ni mtu aliyekaa, kwa hiyo Gandini alimlaza. Dereva na abiria wa Zero hukaa mbele kabisa, miguu yao ikiwa katikati ya magurudumu ya mbele, na migongo imeegemea nyuma kama ya mtu aliye kwenye kiti cha ufukweni. Nyuma yao ndipo ilipowekwa injini ya Fulvia 1.6 HF, na hapa kuna werevu ambao watu wengi hawauoni kwa kuvutwa na umbo la nje. Katika Fulvia, injini, klachi na giaboksi vimeshikana mbele na kuyazungusha magurudumu ya mbele. Ukiuchukua mzigo huo mzima bila kuutenganisha ukauhamishia nyuma ya viti, unapata gari la michezo lenye injini katikati, bila kulazimika kutengeneza giaboksi mpya. Tena injini yenyewe ni fupi kwa namna isiyo ya kawaida: silinda zake nne zimepangwa kwa umbo la V iliyobanwa sana, isiyofika hata digrii 13, kiasi kwamba zote zinafunikwa na kifuniko kimoja cha juu. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 1584 na nguvu za farasi 115. Ujanja huohuo wa kuhamisha mitambo ya gari la kawaida kutoka mbele kwenda nyuma ndio Bertone alioutumia mara tu baadaye kwenye Fiat X1/9 ya mwaka 1972, ambayo yenyewe iliingia kiwandani na kununuliwa na watu wa kawaida.

Sasa fikiria unataka kuingia ndani ya Zero. Unazunguka ubavuni kutafuta mlango, hauupati, kwa kuwa hakuna. Mlango ni kioo cha mbele. Kioo hicho kikubwa kina bawaba upande wa juu, na kinapofunguliwa huinuka chote kuelekea paani kama mfuniko wa sanduku. Mbele yake, juu ya pua ya gari, umetandazwa mkeka mweusi wa mpira. Unaukanyaga huo, unageuka, unashusha mguu mmoja kisha mwingine, halafu unajikalisha. Usukani ungekuzuia, na kwa sababu hiyo mhimili wake umeunganishwa na kioo kwa mfumo wa vyuma na mafuta, hivi kwamba ukilazwa mbele kioo kinainuka na nafasi ya magoti inapatikana, na ukirudishwa mahali pake kioo kinajifunga juu ya uso wako. Ukiwa umekaa unagundua kwamba hakuna dashibodi mbele yako, kwani mahali ambapo ingekaa ndipo kioo kinapoanzia. Mita za kasi na za mafuta zimehamishiwa kando ya dereva, juu ya tao la gurudumu, katika ubao wa plastiki angavu ya kijani. Viti vimegawanywa vipande vya mraba kama chokoleti kabla haijavunjwa.

Taa nazo ilibidi zitafutiwe mahali. Pua ya gari ni nyembamba mno kubeba taa za kawaida za duara, kwa hiyo zilipangwa taa ndogo 10 katika mstari mmoja mwembamba unaokata pua kutoka ukingo hadi ukingo. Nyuma, mkia umekatwa wima, na kuuzunguka mkato huo kuna utepe wa balbu ndogondogo 84. Katikati ya mkato unaonekana moja kwa moja mwisho wa giaboksi na mabomba mawili ya moshi, bila pambo la kuvificha. Juu ya injini kuna kifuniko cha pembetatu chenye mapezi. Gari zima lina urefu wa mita 3.58, yaani ni fupi kuliko magari mengi tunayoyaita madogo mijini kwetu, na upana wa mita 1.87, ambao ni wa gari kubwa. Picha hazisemi ukweli kuhusu jambo hili. Kwa kuwa hakuna kitu cha kulipimia, mtazamaji hudhani ni chombo kirefu, ilhali mtu mzima akisimama kando yake paa humfikia chini ya kiuno.

Yote hayo yalifanywa na mafundi wa bodi waliogonga bati kwa nyundo juu ya umbo la mbao, na gari liliwaka, liliingia gia na kwenda. Hapo ndipo swali la kiwanda linapoweza kuulizwa kwa haki: kwa kuwa lilikwenda, kwa nini lisingeundwa jingine?

Jibu la kwanza ni la usalama, na linatosha peke yake. Gari ambalo mlango wake ni kioo cha mbele halimruhusu mtu kutoka likipinduka, wala likigonga ukuta na pua ikakunjamana. Miguu ya waliomo ndani imetangulia mbele ya kila kitu isipokuwa bati jembamba la pua. Kioo kilicholala namna hiyo huwageuza dereva na mwenzake kuwa mboga ndani ya sufuria siku ya jua, na nyuma dereva haoni kitu cha maana. Marekani, ambako magari ya michezo ya Italia yalitegemea kupata wateja, ilikuwa imeanza mwishoni mwa miaka ya 1960 kutunga sheria za usalama zilizozidi kukazwa mwaka baada ya mwaka. Jibu la pili ni la biashara. Bodi iliyogongwa kwa mkono inaweza kuwa na mikunjo yoyote, lakini bodi ya kiwandani lazima itoke kwenye mashine ya kufyatulia bati, na kioo cha mbele lazima kinunuliwe kwa wingi na kwa bei inayovumilika. Mteja ambaye angelipa gharama hizo kwa gari lenye nguvu za farasi 115 asingepatikana kwa urahisi, wakati Ferrari na Lamborghini zilikuwa zikimuuzia mara tatu ya nguvu hizo, na milango juu yake.

Mtu anaweza kuuliza: mbona Countach iliwezekana? Swali ni zuri, kwa sababu Lamborghini Countach ilitoka kwenye meza hiyohiyo ya Gandini, ikawa na kabari hiyohiyo, na ikaoneshwa Geneva Machi 1971, miezi mitano tu baada ya Zero. Lakini tazama kilichohitajika. Mhandisi wa Lamborghini alihusika tangu mwanzo, mwenye kiwanda alilitaka gari, na bado ilichukua hadi mwaka 1974 kulifikisha kwa wateja. Injini ilipata joto kupita kiasi, ikabidi mistari safi ya Gandini itobolewe na kubandikwa matundu makubwa ya kuingizia hewa. Gari lenyewe la mfano, lile la Geneva, lilipelekwa Uingereza likagongeshwa ukutani kwa makusudi ili kupata kibali cha usalama, na likaishia hapo. Hiyo ndiyo njia ambayo gari la mfano hulazimika kuipita ili liwe bidhaa: lipoteze uzuri wake kidogokidogo, na mara nyingine lipoteze uhai wake wote. Zero halikuandaliwa kwa safari hiyo hata siku moja, na ndiyo maana bado lipo.

Turudi kwenye geti la Lancia. Mazungumzo yaliyofanyika siku ile hayakuhusu kutengeneza Zero. Lancia ilitaka kujua kama mtu aliyeweza kufanya hivi kwa mitambo yake ya zamani angeweza kuibunia gari la rali kutoka mwanzo, na Bertone alitoka hapo akiwa na kazi. Kilichobaki kutoka Zero ni wazo la msingi: gari fupi, pana, lenye watu wawili mbele na injini nyuma ya migongo yao. Mengine yote Gandini aliyatupa. Stratos HF ilikuwa na kimo cha mita 1.11, milango ya kawaida ubavuni yenye mifuko mikubwa ya kuhifadhia helmeti za dereva na msoma ramani, kioo cha mbele kilichopinda kama cha kofia ya pikipiki ili dereva aone kona zinazokuja, na sehemu za mbele na nyuma zilizoweza kufunuliwa nzima ili mafundi wafikie mitambo bila kupoteza dakika. Gari la maonyesho lilimwambia mtazamaji asimame. Hili lilimwambia fundi ashike spana.

Injini ya Fulvia pia iliachwa, na hapo ununuzi wa Fiat unarudi kwenye hadithi. Mwaka uleule wa 1969 Fiat ilikuwa imenunua nusu ya Ferrari, kwa hiyo Lancia ilipotaka injini yenye nguvu zaidi iliweza kuomba nyumbani. Ilipewa, baada ya kusitasita kwa Enzo Ferrari, injini ya Dino yenye silinda 6 na ujazo wa lita 2.4, iliyotoa nguvu za farasi 190 katika gari la mteja. Kanuni za mashindano za kundi la nne zilidai magari 500 yatengenezwe kabla gari halijaruhusiwa kushindana katika kundi hilo, idadi iliyopunguzwa baadaye kuwa 400. Hii ndiyo sababu pekee iliyofanya Stratos ziuzwe kwa umma, nazo zilikuwa ngumu kuuza. Bodi zilitoka Grugliasco kwa Bertone, na magari yakamaliziwa katika kiwanda cha Lancia cha Chivasso. Barua ilikuwa imejibiwa kwa njia zote mbili: mchoro ulinunuliwa, na kandarasi ya bodi ikapatikana.

Stratos ilipata kibali chake Oktoba 1974, na Lancia ikachukua ubingwa wa dunia wa rali mwaka huo, mwaka 1975 na mwaka 1976. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sehemu yao katika kisa hiki. Katika Safari Rally ya mwaka 1974, Sandro Munari, dereva wa Lancia, alishika nafasi ya tatu kwa Fulvia ya zamani, yenye injini ya aina ileile ya silinda nne iliyomo ndani ya Zero. Mwaka uliofuata alirudi na Stratos akawa wa pili, na Björn Waldegård, pia kwa Stratos, akawa wa tatu. Mbele yao wote alikuwa Ove Andersson kwa Peugeot 504, gari ambalo wengi walilijua kwa kupakia abiria wa safari ndefu kuliko kwa mashindano. Lancia ilishinda karibu kila mahali kwa gari hilo lakini haikushinda Safari kwa Stratos, na aliyeziona barabara za Kenya wakati wa mvua za Pasaka hahitaji kuelezwa kwa nini gari fupi na la chini lilipata shida pale ambapo 504 ilipita.

Zero lenyewe, baada ya kazi yake ya siku chache, lilirudi kwa Bertone likakaa. Watu wengi wa rika langu waliliona bila kulijua: umbo lake lilitumiwa katika filamu ya Michael Jackson ya mwaka 1988, ambamo mwimbaji anageuka kuwa gari linaloruka. Mwaka 2000 lilikarabatiwa na kurudishiwa sura yake ya awali.

Nuccio Bertone alifariki mwaka 1997. Watengenezaji wakubwa walikuwa wamejifunza kubuni wenyewe na kutengeneza magari machache kwa faida bila msaada wa karakana, na kandarasi zikawa haba. Kampuni ikalemewa, na mwaka 2009 kiwanda cha Grugliasco, kilekile kilichotoa bodi za Stratos, kikachukuliwa na Fiat. Tarehe 21 Mei 2011, kando ya Ziwa Como, magari sita ya maonyesho ya Bertone yalipigwa mnada ili kulipa madeni. Lamborghini Marzal ya mwaka 1967, ambayo nayo iliundwa moja tu, ilifika euro 1,512,000. Stratos Zero lilinunuliwa kwa euro 761,600.